Uzi wa Bluu Kwenye Pindo

Kila asubuhi, hatua chache kabla ya geti la hospitali, Mama Uzi alisimama kando ya ukuta, akainua viganja vyake mpaka puani, akavinusa. Kwanza cha kulia, kisha cha kushoto. Mtu aliyemwona kwa mara ya kwanza angedhani anaomba dua. Hakuwa anaomba. Alikuwa anahakikisha kwamba harufu ya dawa ya kufulia, aliyoisugua jana yake jioni kwa sabuni ya kuogea na kipande cha ndimu, haijamrudia usingizini. Miaka mingi nyuma, alipokuwa ameketi kwenye benchi la posta akisubiri zamu yake, mwanamke mmoja aliyekaa karibu naye alivuta pumzi mara mbili, akainuka, akaenda kusimama. Mama Uzi alimaliza shida yake pale posta, akarudi nyumbani, na tangu siku hiyo hakukosa kunusa viganja.

Jina hilo hakulipata kwa mtoto. Hakuwa na mtoto aitwaye Uzi; hakuwa amezaa kabisa. Alilipata kwa kazi. Chumba cha kufulia cha hospitali ile kilikuwa nyuma ya jiko, chini ya ngazi, na kilikuwa na mashine tatu ambazo moja ilitetemeka kama mwenye homa. Humo alifanya kazi miaka ishirini na miwili. Miaka tisa ya kwanza alikuwa kibarua, akisukuma toroli la mashuka machafu kutoka wodini, na kila Ijumaa akisubiri kuambiwa kama Jumatatu arudi au asirudi. Kisha mshonaji wa zamani alistaafu, na yeye akapewa sindano, kabati lenye kufuli na barua ya ajira. Barua hiyo aliiweka ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko ndani ya bahasha, bahasha chini ya godoro.

Kazi yenyewe ilieleweka upesi. Hospitali ilikuwa na mashuka ya aina mbili. Ya wodi za chini, wanakolala watu wa kawaida, yaligongwa muhuri wa wino mweusi kwenye kona: namba ya wodi, kubwa kama kidole gumba. Ya wodi ya juu, wanakolala wanaolipia chumba cha peke yao, hayakugongwa muhuri, maana mgonjwa wa juu hapendi kulalia namba. Hayo yalishonwa uzi wa bluu kwenye pindo, mishono saba midogo. Aliyeishona ni yeye. Shuka la juu likianza kuchoka, alichomoa uzi kwa ncha ya wembe, akaligonga muhuri, likapelekwa chini kumalizia maisha yake. La chini likichoka, lilikatwa vipande vya kupigia deki. La chini kupelekwa juu, huo utaratibu haukuwapo, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini haupo.

Jumapili jioni mtoto wa kaka yake alikaa mezani na daftari jipya. Mama Uzi alimlea tangu akiwa na miaka sita, na sasa alikuwa mwaka wa kwanza chuo kikuu. Nyumbani aliitwa Profesa, tangu siku aliyokataa kunywa maziwa mpaka asome maandishi yote ya kopo, na tarehe ya kuharibika juu yake.

"Shangazi, mwalimu wetu wa sosholojia ametupa kazi. Kila mtu achague mfanyakazi mmoja, amtazame wiki nzima, halafu amuulize swali moja. Moja tu."

"Kwa nini moja? Maneno yameadimika huko chuoni?"

"Anasema ukiuliza mengi, mtu anaanza kukupa majibu ya kukufurahisha."

"Na ukiuliza moja atakupa la kukufukuza. Mmesoma nini kingine?"

Profesa alifungua daftari. Alikuwa msichana wa sauti ndogo. Hata akisoma kwa sauti, ulikuwa unamsogelea ili umsikie. Akaeleza kwamba jamii imepangwa kwa matabaka, wengine juu na wengine chini, kwa mali, kwa kazi, kwa elimu.

"Hilo nalo linalipiwa ada?" Mama Uzi alisema, akikata nyanya.

"Ngoja, Shangazi. Halafu kuna hadhi mtu anayozaliwa nayo, na kuna hadhi anayojipatia kwa juhudi zake."

"Na ya kunyang'anywa?"

"Hiyo sijaiona kwenye kitabu."

"Basi mwambie mwenye kitabu aongeze ukurasa."

Walicheka wote. Profesa akasema kwamba mtu aliyemchagua ni yeye, Shangazi, na swali ameshaliandika: unajiona uko tabaka gani? Mama Uzi akamwambia aandike anachotaka, ilimradi sufuria zioshwe. Lakini lile neno la kutazamwa lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Wiki hiyo kuliko wiki zote, hakutaka kutazamwa.

Sababu ilikuwa hii. Wiki tatu kabla, mashuka mapya ya wodi ya juu yalichelewa kufika, na ya zamani hayakutosha. Msimamizi wa kufulia, mtu mnene mwenye mikono laini ambaye alizungumza na watu akiangalia simu, alisimama mlangoni saa nne asubuhi.

"Nataka mashuka kumi na mawili juu kabla ya saa nane."

"Hayapo, bosi," Mama Uzi alisema.

"Sijakuuliza kama yapo. Tafuta. Yametoka wapi, mimi sitaki kujua."

Akaondoka. Mama Uzi alisimama mbele ya rafu kwa muda. Kisha akafanya jambo ambalo ni mshona uzi peke yake angelifikiria. Alienda kwenye mashuka ya wodi namba sita, ambayo ndiyo yalikuwa na nguvu kuliko ya wodi nyingine zote za chini, akachagua kumi na mawili meupe zaidi, akayafua upya, akayachemsha, akayafua tena. Kwenye kila kona yenye muhuri alikunja kitambaa kwa ndani mpaka namba ikapotea, akabana mkunjo huo kwa mishono saba ya uzi wa bluu. Mpiga pasi, kijana wa miaka hamsini aliyependa kujiita kijana, aliyanyoosha bila kuuliza. Alipofika la mwisho akasema, "Leo umewapandisha vyeo bila usaili." Saa saba na nusu yalikuwa juu. Hakuna aliyelalamika. Siku ya tatu Mama Uzi alisikia kwamba mgonjwa mmoja ameyasifu kwa ulaini, kwa kuwa shuka lililofuliwa mara nyingi huwa laini kuliko jipya.

Alikusudia kuyarudisha chini pindi mashuka mapya yatakapofika. Mapya yalifika yakiwa pungufu. Yale kumi na mawili yakabaki juu.

Jumanne asubuhi Mpiga pasi aliingia akiwa hatanii, na hilo peke yake lilimfanya Mama Uzi aweke sindano chini.

"Umesikia ya chumba cha tatu juu?"

"Nisikie wapi? Mimi niko na mashine."

"Mgonjwa ametoka upele mgongo mzima. Mkewe amegeuza shuka kutafuta kunguni. Amekuta namba."

"Namba gani?"

Mpiga pasi aliangalia mlangoni kwanza. Alinyoosha vidole vitano vya mkono mmoja na kimoja cha mwingine.

Sita. Mkunjo ulikuwa umefumuka. Katika haraka ile lazima palikuwa na kona moja ambayo hakuikaza fundo, na mashine ile yenye homa ikaitafuna taratibu, fua baada ya fua, mpaka namba ikatoa kichwa. Kumi na moja alizikaza. Moja hakuikaza. Alijaribu kukumbuka ni ipi, kama vile kuijua kungesaidia kitu.

"Na uzi?" aliuliza. "Uzi bado upo?"

"Nasikia bado upo, unaning'inia kwenye kona. Shuka liko kwenye mfuko, kwa Msimamizi. Keshokutwa kuna kikao. Metroni mwenyewe atakuwepo."

Siku nzima kila aliyepita mlangoni alimdhania amekuja kumwita. Aliyekuja kuomba taulo, aliyekuja kuuliza njia ya maabara, wote aliwainukia kabla hawajafungua mdomo. Simu ya ukutani ililia mara nne, na mara zote nne alishika ukingo wa meza. Lakini kilichomtesa zaidi hakikuwa kikao. Ni ule mgongo. Aliuona, mgongo wa mtu asiyemjua, umejaa vipele, na juu yake mishono yake saba. Alijua alilifua lile shuka mara mbili na kulichemsha. Alijua hakuchukua hata moja kutoka wodi ya magonjwa ya ngozi, ambayo mashuka yake yalikuwa na pipa lake. Alijua. Lakini kila alipofika mwisho wa kujua, hofu ilimwuliza: una hakika?

Jioni alimkuta Profesa ameinama juu ya daftari. Msichana alikuwa amepita kufulia asubuhi ile kabla ya vipindi, akakaa juu ya kiroba cha sabuni kwa nusu saa, akitazama na kuandika. Alipokwenda kuoga, Mama Uzi alifanya jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu mtoto aingie nyumba ile. Alilifungua daftari lake. Alisoma polepole, midomo ikicheza. Kulikuwa na habari za mashine na za harufu. Kulikuwa na sentensi iliyosema kwamba alama ndogo isiyoonekana na mgonjwa ndiyo inayoamua kitambaa kilale wapi. Chini yake limeandikwa neno "uzi", likapigwa mstari mara mbili.

Profesa alipotoka bafuni na taulo kichwani, daftari lilikuwa mikononi mwa shangazi yake.

"Hii inasomwa na nani?"

"Na mwalimu tu."

"Mwalimu tu ni watu wangapi? Ana mke? Ana dada? Mke wake akiumwa anatibiwa wapi?"

"Shangazi, sijaandika jina lako. Hata jina la hospitali sijaandika."

"Jina lina kazi gani? Mji huu una hospitali ngapi zinazoshona uzi? Na wanaoshona tuko wangapi?" Sauti yake ilikuwa imepanda, na akaishusha, maana ukuta wa jirani ulikuwa wa mbao. "Mwanangu, mimi ni mtu wa kuhesabika kwa kidole kimoja."

Profesa alikaa kitandani. Aliuliza kwa upole kuna nini. Hilo halikuhesabiwa kuwa swali lake. Lilikuwa la mtu na shangazi yake. Na Mama Uzi, ambaye alikuwa amebeba jambo hilo wiki tatu bila pa kulitua, alilitua lote, na lile la upele, na lile la kikao. Msichana alisikiliza bila kuandika. Mwishoni akachana kurasa mbili, akazikunja ndogo, akazitia katika mfuko wa gauni la shangazi yake.

"Watakufukuza?"

"Mtu aliyeghushi alama ya hospitali, unadhani watamwandalia keki?"

"Lakini Msimamizi ndiye aliyekuagiza."

"Aliagiza mashuka. Uzi niliushika mimi."

Jumatano aliamua kwenda kwa Msimamizi mwenyewe kabla hajaitwa. Alijipanga njia nzima: nitasema bosi, lile shuka ni langu, nitasema sikuwa na nia mbaya, nitasema nililichemsha. Ofisi ilikuwa ndogo, na feni juu ya kabati la mafaili. Mfuko wa plastiki ulikuwa mezani, umefungwa fundo. Macho yake yalienda pale moja kwa moja, na ya Msimamizi yakayafuata.

"Bosi, nimekuja kuhusu lile shuka..."

"Shuka gani?"

"Hilo la chumba cha tatu. Siku ile uliponiambia nitafute..."

"Mama." Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi aliweka simu chini na kumwangalia usoni. "Mimi nilikwambia nini siku ile? Nilikwambia sitaki kujua. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli."

"Basi mpaka leo sitaki. Ukiulizwa kesho, utajibu ulichoulizwa. Una miaka mingapi kazini?"

"Ishirini na miwili."

"Miaka mingi hiyo. Nenda kaendelee na kazi."

Alitoka bila kujua kama ameokolewa au amehukumiwa. Kwenye korido alipishana na msukuma toroli, mwanamke mwembamba ambaye kila mtu alimwita Mama Tairi, kwa sababu toroli lake lilikuwa na gurudumu moja bovu lililolia kwenye kila kona ya hospitali. Alikuwa kibarua, mwaka wa nne. Alikuwa na kicheko cha bure na ulimi mwepesi.

"Dada yangu, mbona uso umekunjamana hivyo? Peleka kwa Mpiga pasi akunyooshe."

"Nimechoka tu."

"Uchoke wewe unayekaa na sindano, mimi niseme nini? Nipishe, huyu ng'ombe wangu hana breki." Akapita, na lile gurudumu likalia mpaka mwisho wa korido.

Usingizi wa siku hiyo haukuwa usingizi. Alhamisi saa tatu asubuhi waliitwa kwenye chumba cha mikutano cha wauguzi: Mama Uzi, Mpiga pasi, waendesha mashine wawili na Mama Tairi. Viti vyote vilikuwa na watu wa ofisini, kwa hiyo wao walisimama ukutani. Metroni, mkuu wa wauguzi wote, alikuwa mwanamke mrefu, mwenye miwani iliyofungwa mnyororo, na hakuwa mtu mbaya. Alianza kwa kusema kwamba daktari amethibitisha: upele ule umetokana na dawa mpya aliyoanzishiwa mgonjwa. Dawa imebadilishwa tangu jana na ngozi imeanza kutulia.

Mama Uzi aliegemea ukuta. Ule mgongo uliokuwa ukimfuata tangu Jumanne ulitoweka, na kwa pumzi moja alidhani mambo yamekwisha, kwamba watasema asanteni na warudi kazini.

"Lakini hatuko hapa kwa ajili ya upele," Metroni akaendelea. "Tuko hapa kwa sababu mgonjwa wa wodi ya juu amelazwa kwenye shuka la wodi namba sita. Familia imeniuliza kama wanalipia kulala sita. Nimekosa la kuwajibu."

Akafungua mfuko. Akalitandaza shuka juu ya meza, kona yenye namba ikielekea kwao.

Mama Uzi alikuwa amejiandaa kuona uzi wake. Alikuwa amekesha akiuona. Aliangalia pindo, akaangalia tena. Uzi haukuwapo. Hapakuwa na mkunjo, hapakuwa na bluu. Kona ilikuwa imenyooka, sita nyeusi imefifia kidogo, na shuka lile lilikuwa shuka la chini kama lilivyozaliwa. Kisha akaona vitundu. Vidogo, vimepangwa mstari mmoja, saba. Mtu alikuwa amechomoa kwa wembe, tena kwa makini, na hakujua kwamba kitambaa huhitaji kufuliwa mara moja kabla ya vitundu kuziba. Hakuna mwingine katika chumba kile ambaye angeweza kuviona. Alimtazama Msimamizi. Msimamizi alikuwa akitazama simu.

"Hili ni shuka la chini, halina alama yoyote ya juu," Msimamizi alisema. "Limetoka kufulia likiwa sahihi. Kosa ni la kuchanganya mizigo njiani."

Njiani maana yake toroli. Wote walijua. Mpiga pasi alikohoa na kuangalia viatu vyake.

"Mama, wewe ndiye unayeshona," Metroni akamwambia Mama Uzi. "Hili umelishona?"

Alijibu alichoulizwa. "Halina uzi, Metroni."

"Kwa hiyo halikutakiwa kwenda juu."

"Halikutakiwa."

Mama Tairi alikuwa hajaelewa bado. Alikuwa na tabasamu la mtu anayesubiri utani ufike mwisho. Metroni alipomgeukia na kumwuliza siku shuka lile lilipotandikwa alipeleka mizigo mingapi juu, alianza kuhesabu kwa vidole, akakosea, akaanza upya. Ndipo tabasamu lilipomwondoka.

"Lakini mimi nasukuma tu, mama. Mzigo naukuta umefungwa. Sifungui. Ukiandikwa juu napeleka juu, ukiandikwa chini napeleka chini." Akageuka. "Dada, waambie. Wewe unayajua mashuka yote, hata ukifumbwa macho. Waambie kama mimi nafungua mizigo."

Chumba kizima kikamtazama Mama Uzi. Maneno yalikuwepo, aliyaona yamepangana: kuna vitundu saba hapo, Metroni, sogea uone. Yalikuwa maneno machache. Aliwaza barua chini ya godoro. Aliwaza Ijumaa zile za kusubiri kuambiwa arudi au asirudi. Aliwaza Profesa na ada ya mwaka wa pili na wa tatu. Yote hayo yalipita kwa muda wa mtu kumeza mate.

"Mimi nakaa na sindano," alisema. "Mambo ya njiani siyajui."

Mama Tairi alimwangalia kidogo, si kwa hasira. Alimwangalia kama mtu aliyepiga hodi kwenye mlango anaoufahamu, akaona limefunguliwa dirisha la nyumba nyingine.

Haikuchukua dakika kumi. Kibarua hahitaji barua ya onyo. Anaambiwa tu kazi imekwisha. Wale waendesha mashine walirudi kwenye mashine. Mpiga pasi alirudi kwenye pasi na kunyoosha mashuka mpaka saa nane, na alipomaliza alisema, akiwa amempa mgongo, "Namshukuru Mungu mimi hawakuniuliza." Mama Tairi alikuja kurudisha glavu na aproni. Alizikunja vizuri, akaziweka mezani mbele ya Mama Uzi kwa sababu ndipo zinapopokelewa. Alisema, "Hilo gurudumu waambie walitie grisi, litamvunja mtu mkono." Akaondoka. Mchana toroli lilisukumwa na mwanamke mwingine, aliyekuwa akisubiri getini pamoja na wenzake tangu alfajiri kama wanavyosubiri kila siku, na gurudumu likalia vilevile.

Saa tisa Msimamizi alipita mlangoni. Hakuingia. Alisema mashuka kumi na moja ya wodi ya juu yatateremshwa leo, yachomolewe uzi na yarudishwe wodi yalikotoka, kimyakimya, na kwamba namba ya wodi Mama Uzi anaijua. Mama Uzi aliyachomoa moja baada ya jingine. Wembe ulimkata kidole, akalazimika kulifua upya shuka moja lililoingia damu.

Hofu aliyodhani itakwisha na kikao haikuisha. Ilibadilika tu. Njia nzima ya kurudi nyumbani aliogopa kukutana na Mama Tairi, akakwepa soko na kupita nyuma ya shule, njia ndefu. Aliogopa pia jambo jingine ambalo alishindwa kulitazama: kwamba sasa yuko chini ya Msimamizi kwa namna mpya, na Msimamizi naye yuko chini yake, na watu wawili walioshikana hivyo mmoja lazima siku moja amsukume mwenzake. Na kati yao wawili, alijua atakayesukumwa ni nani.

Profesa alikuwa amepika. Alisikia mlango, akatoka na mwiko mkononi, akauona uso wa shangazi yake, akadhani wamemfukuza. Alimshika mkono, akamkalisha, akamletea maji. Mama Uzi alikunywa nusu glasi kisha akamweleza yote, kwa mpangilio, bila kujipunguzia: mfuko, vitundu, Metroni, Mama Tairi kuhesabu kwa vidole, na maneno yake mwenyewe kama alivyoyasema.

Kwenye jiko maji yalichemka, Profesa akaenda kuzima, akarudi. Daftari lilikuwa mezani limefungwa. Hakulifungua. Lile swali la tabaka aliloliandika Jumapili hakuligusa.

"Shangazi," alisema, kwa ile sauti yake ya kusogelewa, "nina swali moja tu, unakumbuka?"

"Nakumbuka. Uliza."

"Mama Tairi alipokwambia waambie, kwa nini hukusema?"

Mama Uzi aliangalia kidole chake kilichofungwa kitambaa. Angeweza kutaja ada. Angeweza kutaja miaka ishirini na miwili, na Msimamizi, na ile barua, na Profesa angekubali, maana alikuwa anampenda.

"Kwa sababu nilipoviona vile vitundu nilifurahi," alisema. "Nilifurahi kwamba ni yeye, si mimi."